Aliyeita Watu Mto Ukiwa Umejaa, Naye Aulizwe



Kila mwaka mvua zikisha kukaza, swali moja hurudi katika baraza zetu, toka Kasongo hata Kabambare. Matanga yapo ng'ambo, au arusi, au mkutano, au siku ya kura. Mto umejaa, daraja la magogo limechukuliwa, barabara imegeuka kuwa ziwa. Twende, tusiende? Na kila mwaka swali hilo huachiwa mtu mmoja, asimame ukingoni na kifurushi chake kichwani, aamue peke yake. Akirudi nyumbani huitwa mwoga, au mwenye roho mbaya, au mtu asiyependa nchi yake. Akivuka akafa, wenzake husema siku zake zilikuwa zimefika, na mambo huishia hapo.

Sisi twaona kwamba mzigo huu umetwikwa asiyestahili kuubeba peke yake. Kabla ya kumwuliza msafiri kwa nini hakuja, yafaa kumwuliza aliyeita: siku hiyo ni nani aliichagua, na mto aliufikiri? Wala hatumwondoi yeyote katika ulizo hili, awe jamaa ya marehemu, au baba wa bibi arusi, au chama cha siasa, au Leta yenyewe. Mgonjwa na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa hatuwasemi hapa. Safari yao haina siku ya pili, na anayewabeba kwa kipoyi katika maji hatuna neno juu yake ila shukrani.

Tuanze na maji yenyewe, maana wengi wanaopanga siku za mikutano wanakaa mbali nayo. Mtu wa Kabambare aendaye Kasongo ana safari ya zaidi ya kilometa 100, na katika safari hiyo hana budi kukutana na Luama. Mto huu hutoka katika milima iliyo magharibi ya ziwa Tanganyika, upande wa Fizi, hupita nchi ya Kabambare, kisha humwaga maji yake katika Lualaba kusini ya Kasongo. Kwa hiyo maji yanayomzuia mtu leo yaweza kuwa ni mvua ya jana, iliyonyesha juu milimani mahali asipopaona. Jua laweza kuwaka Kabambare tangu asubuhi, watu wakaanika mpunga wao, na jioni Luama ikawa imefurika. Mwenye kuamua safari kwa kutazama mawingu ya kwao ametazama mahali pasipo na habari.

Lualaba ina tabia nyingine. Ni mto mzito, haufanyi haraka. Maji ya Katanga, pamoja na maji ya Tanganyika yatokayo ziwani kwa njia ya Lukuga pale Kalemie, hukusanyika yote, hupenya katika korongo la Milango ya Jehanamu chini ya Kongolo, ndipo yatufikie sisi. Ziwa likipanda, Lualaba nayo hubaki juu kwa majuma, pengine kwa miezi. Twaeleza haya kwa sababu hesabu ya safari si moja. Mto wa milimani hupanda kwa usiku mmoja, na mara nyingi hushuka baada ya siku mbili tatu. Hapo dawa ni kungoja. Mto mkubwa ukimngojea ukingoni utamaliza posho yako yote na bado haujashuka. Hapo dawa ni kutafuta siku nyingine, au kutuma neno.

Wagenya, ambao mitumbwi ndiyo nyumba yao ya pili, hawahitaji kufundishwa na gazeti. Lakini kijana wa mjini aliyerudi kwa ajili ya arusi ya dada yake, na mwenye pikipiki anayejivunia mashine yake, hao twawaambia. Simika fimbo pale maji yanapoishia, ukae, uitazame. Ikiwa maji yanaipita fimbo, au mto unaleta magogo na matawi yenye majani mabichi, basi bado unapanda, wala usimwombe mtu akuvushe. Maji ya magotini yaendayo kwa kasi yatosha kumwangusha mtu mzima, na maji ya sentimita 60 huinua gari na kulichukua. Daraja lililofunikwa usilihesabu kuwa ni daraja, kwa kuwa hujui kama magogo yake yangalipo.

Wengine husema mafuriko makubwa ni hadithi za wazee. Mwishoni mwa 1961, wakati ule ule Tanganyika ilipopata Uhuru wake tarehe 9 Desemba, mvua zilinyesha Afrika ya Mashariki na Kongo kwa namna isiyo ya kawaida, na mto wetu ulipofika Kinshasa ulipimwa mita 6.26. Kipimo hicho kilikaa miaka sitini na zaidi kikitajwa kama jambo la zamani. Halafu mapema Januari 2024 mto ukafika mita 6.20, pungufu ya sentimita 6 tu, na serikali ikataja watu wapata 300 waliokufa kwa mafuriko Kinshasa na katika majimbo mengine. Basi maji ya 1961 hayakwenda mbali. Na katika majuma hayo hayo ya kupanda kwa maji, tarehe 20 Desemba 2023, nchi nzima iliitwa kupiga kura. Tutarudi hapo.

Kwanza matanga, maana hapo ndipo aibu inapoua watu wengi wa kwetu. Kwa desturi yetu asiyefika kilioni atatafutiwa sababu, na sababu yake haitakubaliwa. Atahesabiwa kuwa alikuwa na neno na marehemu. Pengine, Mungu apishe mbali, atasemwa kuwa ndiye aliyemroga. Kwa hofu hiyo mtu huingia mtumbwi ambao kwa ajili ya biashara asingeuingia hata kwa kulipwa. Huo si ushujaa. Ni watu waliobaki nyuma ndio wanaomsukuma majini kwa ndimi zao.

Lakini tazameni dini zetu wenyewe, ambazo tunazitumia kuwalazimisha watu. Waislamu wa Kasongo wanajua kwamba maiti hazikwi kwa kungoja jamaa wa mbali; huzikwa upesi, na aliye ng'ambo hufika siku ya khitma, au arobaini. Wanajua tena kwamba katika mafundisho ya Mtume siku ya mvua kubwa muadhini ana ruhusa ya kuwatangazia watu wasali majumbani mwao. Ikiwa swala yenyewe imepewa nafasi hiyo, arusi ni nini? Kanisa Katoliki nalo halimfungi mtu na Misa ya Dominika pale sababu nzito inapomzuia. Ruhusa hizo zimetolewa zamani na wenye elimu. Walionyima ruhusa ni sisi, shangazi na wajomba.

Siku hizi simu hubeba rambirambi hata pesa. Watasema wengine kwamba pesa ya simu si kukaa matangani. Kweli, si kukaa matangani, na sisi hatusemi ni kitu kimoja. Twasema tu kwamba jamaa ya marehemu yaweza kupeleka neno mapema, siku ile ile ya msiba: mto umejaa, msije sasa, arobaini tutaifanya maji yakishuka. Neno likitoka kwao, aibu huondoka. Likingojewa kutoka kwa msafiri halitatoka kamwe, maana hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema naogopa.

Tena kuna jambo ambalo watu hulisahau wakipima safari: hupima kwenda, hawapimi kurudi. Mwezi wa Juni 2023, kule Nigeria katika jimbo la Kwara, watu walikwenda arusini kwa pikipiki, salama, njia ikiwa nzuri. Mvua kubwa ikanyesha sherehe ikiwa inaendelea, barabara ikafunikwa, ikawa lazima warudi kwa mtumbwi katika mto Niger usiku. Zaidi ya watu 100 walikufa. Hao hawakuwa wapumbavu, na walipoondoka nyumbani hapakuwa na neno la kuwazuia. Aliyeweza kuwaokoa ni mwenye arusi, kwa kusema: laleni hapa, tutapika tena kesho. Mtu aalikaye watu miezi ya mvua na awe na mchele wa siku mbili na mahali pa kutandika mikeka. Kama hana, asialike.

Karibu na kwetu zaidi, katika Kivu ya Kusini, mlisikia habari ya Nyamukubi, teritware ya Kalehe. Alhamisi tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa siku ya soko, watu wametoka vijiji vingi, na maji yakateremka kutoka milimani yakiwa na mawe na udongo. Pale na katika kijiji jirani cha Bushushu walikufa zaidi ya watu 400. Na Desemba 2024, katika mto Busira, chombo kilichojaza watu kupita kiasi, wengi wao wafanya biashara wakirudi kwao kwa Noeli, kilizama na kuua watu 38 waliohesabiwa, mbali na wengi ambao hawakuonekana. Soko, arusi, Noeli: hakuna hata moja katika hayo lililo baya. Kila moja lilikuwa na siku yake, na siku ile ilishikwa kana kwamba imeandikwa juu ya jiwe.

Hatusemi kwamba anayekaa nyumbani amesalimika. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025, upande wa pili wa milima hiyo hiyo inayotupa Luama, kijiji cha Kasaba katika Fizi kilifikiwa na maji watu wakiwa wamelala, wakafa zaidi ya 100. Wale hawakuitwa na mtu popote. Kwa hiyo aliye bondeni wakati mwingine safari yake ya lazima ni kuondoka kwake mwenyewe, apande juu. Hilo ni jambo jingine na linataka makala yake.

Kuna wasomaji wanaopenda kutukumbusha kwamba wazungu wa zamani hawakuogopa mito. Haya, tuwatazame. Livingstone alifika Bambarre, ndiyo Kabambare, Septemba 1869. Akaondoka kuifuata Lualaba, akafika Luama, wenyeji wakakataa kumwuzia mtumbwi kwa kuwa walikwisha kuumizwa na wafanya biashara wa watumwa, wakadhani naye ni mmoja wao. Akarudi. Mwaka 1870 akajaribu tena, matope na mito ikamshinda, miguu ikaota vidonda, akarudi Kabambare mwezi wa Julai, akakaa hapo hata Februari 1871. Karibu miezi saba! Hakuna kitabu kinachomwita mwoga kwa ajili hiyo. Lakini mama wa Wamaza akichelewa siku mbili matangani, ataimbwa.

Sasa tuje kwenye kura, maana hapa neno letu la kungoja linagonga mwamba, na hatutaki kulificha.

Mtu asiyefika arusini amekosa pilau. Asiyefika kupiga kura amekosa sauti kwa miaka mitano. Tukiwaambia watu wa ng'ambo wakae nyumbani mto ukijaa, kuna wakubwa watakaofurahi sana. Kijiji kisichopiga kura hakidai daraja, na kijiji kisicho na daraja hakipigi kura. Ndiyo duara tunamozunguka tangu zamani. Kwa hiyo wako ndugu waliosema, na tunawaheshimu, kwamba kura yafaa kuvukiwa mto hata kwa hatari, kama wazee walivyovumilia mengi kwa ajili ya Uhuru.

Sisi hatukubali. Lakini si kwa sababu kura ni kitu kidogo. Twakataa kwa sababu hatari ile haikuletwa na Mungu peke yake. Itazameni kalenda. Mwaka 2006 duru ya kwanza ilipigwa tarehe 30 Julai, kiangazi, watu wakatembea kwa miguu mikavu. Baada ya hapo: duru ya pili Oktoba 29 mwaka ule ule, halafu Novemba 28 mwaka 2011, halafu Desemba 30 mwaka 2018, halafu Desemba 20 mwaka 2023. Zote katika mvua. Kampeni ya mwisho ilifunguliwa 19 Novemba 2023, vyama vikaita watu mikutanoni mwezi mzima wa matope, kila kimoja kikitaka uwanja ujae kuliko wa mwenzake. Chama chochote kinachopima nguvu zake kwa wingi wa watu waliovuka maji kuja kukisikiliza, kimejipima kwa kipimo kibaya.

Watajibu kwamba Katiba ndiyo iliyofunga tarehe, maana yataka uchaguzi wa Rais uitishwe siku 90 kabla ya muhula kwisha, na muhula huanza Januari. Ni kweli. Hata hivyo tumeona tarehe zikisogea. Uchaguzi wa 2018 ulikuwa uwe tarehe 23 Desemba. Moto ukateketeza ghala ya Tume ya Uchaguzi Kinshasa, na mashine maelfu zikaungua, uchaguzi ukasogezwa juma zima. Beni, Butembo na Yumbi ziliahirishwa hata Machi 2019 kwa ajili ya Ebola na machafuko. Na Rais aliapishwa Januari, kwa hiyo watu wa huko kura yao ya Rais ilipotea. Basi moto unasogeza uchaguzi, ugonjwa unasogeza uchaguzi, lakini maji hatujaona yakisogeza hata siku moja. Wala hatuombi Kabambare iahirishwe peke yake mpaka Machi, tukapate msiba wa Beni.

Mwaka 2023 vituo ambavyo vifaa vyake vilichelewa viliongezewa siku, vingine vikapiga kura tarehe 21 na hata baadaye. Tume iliomba ndege za Monusco ili mashine zifike mahali barabara zisipofika. Twasifu, mashine zilihitaji kufika. Ila hebu fikirini: mashine ya kura ilipanda ndege, na mpiga kura akapanda mtumbwi. Kwa ajili ya mashine iliyochelewa siku iliongezwa. Kwa ajili ya raia aliyezuiwa na mto hatukusikia kituo kikingoja.

Tena sheria yamtaka mtu apige kura pale alipoandikishwa. Aliyejiandikisha Kasongo wakati alipokuwa kibarua huko, halafu akarudi kwao kulima, siku ya kura kituo chake kiko ng'ambo ya maji yote tuliyoyataja. Huyo hana uchaguzi isipokuwa mmoja: kuvuka au kunyamaza. Ndiyo maana twasema aulizwe aliyemweka hapo.

Tunayotaka si makubwa. Kila kivuko kinachojulikana kukatika, kituo kiwe kwenye kingo zote mbili, hata kama ng'ambo kuna nyumba thelathini tu. Masultani na wakubwa wa sekta wanajua kila kivuko cha namna hiyo. Waulizwe wao, pamoja na wavushaji. Siku ya kura mvushaji alipwe na Leta, avushe mchana tu, kwa hesabu ya watu chombo kinaouweza, na jaketi za kuokolea ziwepo. Wala asilipwe na mgombea, kwa kuwa mvushaji wa mgombea atapakia watu mpaka ukingo wa mtumbwi uguse maji. Mahali palipokatwa kabisa paongezewe siku kabla matokeo hayajafungwa, na ruhusa hiyo itangazwe mapema, ili mtu aliye ukingoni ajue kwamba akirudi nyumbani leo, kesho kutwa kituo kitakuwa kinamngoja. Mtu akijua hilo, hataingia maji mabaya.

Kwa hesabu ya Katiba, ikiachwa kama ilivyo, uchaguzi wa kufuata utaangukia Desemba 2028, nayo Luama haijaahidi kutulia mwezi huo. Vituo vya 2023 mnavijua. Kiangazi kikifika, barabara zikiwa kavu, kila kijiji kihesabu maji yaliyo kati ya nyumba zake na kituo chake, mto kwa mto, na daraja gani limesimama, na lipi limebaki magogo mawili. Hesabu hiyo iandikwe, iwekwe sahihi ya sultani, ipelekwe Kindu kwa Tume na kwa wabunge kabla ya Septemba. Baada ya hapo hata barua itangoja maji yashuke.